Edward Steere na Elimu ya Watoto wa Kiungani: Kutoka Ziwa Nyasa hadi Unguja, na Swali la Kurudi

1.0 Utangulizi

Katika historia ya taaluma ya Kiswahili, jina la Edward Steere hutajwa kwanza kwa sababu ya sarufi. Mwanafunzi wa isimu humfahamu kama mtunzi wa A Handbook of the Swahili Language, kitabu kilichotoka mwaka 1870, na kama mkusanyaji wa ngano za Unguja zilizochapishwa mwaka huohuo kwa jina la Swahili Tales. Mwanafunzi wa historia naye humfahamu kama askofu aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Sura hizi mbili ni za kweli, lakini zimeificha sura ya tatu, ambayo ndiyo iliyozizaa zote mbili: Steere alikuwa mwalimu, na wanafunzi wake wa kwanza katika Afrika ya Mashariki walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa.

Kwa istilahi za leo, watoto hao wangehesabiwa miongoni mwa wakimbizi na watu waliopokonywa makazi, ingawa hawakukimbia, walichukuliwa. Wengi walitoka katika nchi za ndani za kusini, yaani Uyao, Umakua, Ungindo na kando ya Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na kufikishwa Unguja wakiwa hawana mzazi, ukoo wala lugha inayofahamika na wote. Makala hii inaeleza maisha ya Steere kwa kuyatazama kutoka upande wa watoto hao. Hoja yake ni kwamba elimu aliyoitoa na isimu aliyoiandika ni kazi moja. Haja ya kuwafundisha watoto wasiokuwa na kwao ndiyo iliyomlazimisha kuamua lugha ya kufundishia, na uamuzi huo ukaacha alama katika Kiswahili kinachosomwa leo hadi Kyela na Talatala, kwenye mwambao wa kaskazini wa ziwa lilelile. Hata hivyo, makala inaonyesha pia kwamba swali kubwa kuliko yote katika elimu hiyo, la wapi mtoto huyo arudi baada ya kuelimika, halikupata jibu kamili katika uhai wa Steere.

2.0 Kutoka Sheria hadi Upadri

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828, mtoto wa mwanasheria. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada za sheria hadi udaktari, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Kwa kijana wa tabaka lake, njia ilikuwa imekwisha kunyooka. Hata hivyo, kazi ya mahakama haikumkaa moyoni. Katika miaka hiyo alijishughulisha zaidi na vyama vya kidini vya kuwahudumia maskini, akajifunza pia kazi ya kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe. Ujuzi huu wa pili, ambao wakati huo ulionekana kuwa burudani tu, ulikuja kuwa na thamani kubwa Unguja kuliko shahada zake zote.

Aliacha uwakili na mwaka 1856 akapewa ushemasi. Baada ya kuhudumu Devon alihamia mkoa wa Lincolnshire, akafanya kazi Skegness, kijiji cha wavuvi cha pwani ya mashariki ya Uingereza, kisha akakabidhiwa parokia ya Little Steeping. Huko alipata sifa ya mtu asiyependa madaha, anayesema na mvuvi na mkulima kwa lugha yao ya kawaida. Tabia hii inafaa kukumbukwa, kwa sababu msimamo wake wa baadaye kuhusu lugha haukuanzia Afrika. Kabla ya kusikia neno moja la Kiswahili, alikuwa amekwisha kuamini kwamba mafundisho yasiyotolewa kwa lugha ya msikilizaji ni sauti tupu.

3.0 Njia ya Ziwa na Kuhamia Unguja

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), ambayo Steere alijiunga nayo, ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwezi Desemba 1857. Lengo lake la kwanza lilikuwa nyanda za karibu na Ziwa Nyasa. Kundi la kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, lilifika Magomero mwaka 1861, na papo hapo likajikuta likiwalea watu waliofunguliwa kutoka katika misafara ya watumwa. Njaa, homa na vita vililivunja kundi hilo. Mackenzie alifariki mwanzoni mwa mwaka 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata kaburini.

Mrithi wake alikuwa William Tozer, rafiki na jirani wa Steere huko Lincolnshire. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, lakini muda huo ukawa maisha yake yote. Walijaribu kuweka kituo katika mlima Morambala, karibu na mto Shire, wakaona hapafai. Tozer akaamua jambo lililolaumiwa sana Uingereza wakati huo, nalo ni kuiondoa misheni bara na kuihamishia Unguja. Tarehe 31 Agosti 1864 Tozer na Steere waliteremka katika bandari ya Unguja.

Waliolaumu waliona kwamba misheni imelikimbia Ziwa. Lakini Ziwa lenyewe lilikuwa linakuja Unguja kila msimu. Watu waliotekwa ng'ambo ya magharibi walivushwa kwa majahazi kutoka Kotakota, wakaungana na mateka wa upande wa mashariki, wakapelekwa kwa miguu hadi Kilwa, na kutoka Kilwa wakasafirishwa hadi soko la Unguja. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuwajua Wayao, Wanyasa, Wangindo na Wamakua hakuhitaji kusafiri miezi mitatu. Aliwakuta wamekaa kwenye mchanga wa Mkunazini wakingojea mnunuzi.

4.0 Darasa la Kwanza

Wanafunzi wa kwanza wa misheni Unguja walikuwa wavulana watano. Walikuwa wametolewa katika jahazi la watumwa, na Sultani Sayyid Majid ndiye aliyewakabidhi kwa wamisionari mwaka 1864. Ni muhimu kuielewa hali ya kisheria ya wakati huo. Utumwa wenyewe ulikuwa halali Unguja, na uliendelea kuwa halali hadi mwaka 1897. Kilichokuwa kinakatazwa kwa mikataba ni kusafirisha watumwa nje ya mipaka na majira fulani. Kwa hiyo shule haikuwa mlango uliofunguliwa kwa mtumwa yeyote aliyetaka uhuru. Wanafunzi wake walikuwa wale waliokamatwa na manowari za Kiingereza baharini au kukabidhiwa na wenye mamlaka. Walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliobaki mashambani kwenye mikarafuu.

Watoto hao walifika wakiwa katika hali ngumu. Walikuwa wamekonda, wengine wagonjwa, na walikuwa wamejifunza kwa uzoefu kwamba mtu mzima asiyewafahamu huwa na nia ya kuwauza. Hawakuwa na sababu ya kuwaamini Wazungu kuliko walivyowaamini wengine. Aidha, hawakuelewana wao kwa wao. Mtoto wa Kiyao, wa Kingindo na wa Kinyasa waliweza kulala chini ya dari moja bila kuweza kusemezana ila kwa ishara na kwa maneno machache ya Kiswahili waliyoyaokota njiani kutoka kwa wenye msafara. Hivyo lugha ya pamoja ya darasa ilikuwa ni lugha ileile waliyoisikia wakiwa kifungoni.

Shule ya wavulana baadaye ilihamishiwa Kiungani, nje kidogo ya mji kwa upande wa kusini. Steere aliweka hapo mtambo wa kupiga chapa, na akawafundisha wavulana kupanga herufi, kupaka wino na kusoma prufu. Kwa kazi hii mambo mawili yalipatikana kwa pamoja. Misheni ilipata vitabu, na wavulana wakapata ufundi ambao ungeweza kuwalisha katika mji ambamo hawakuwa na shamba wala jamaa. Kurasa nyingi za mwanzo za Kiswahili cha herufi za Kirumi zilizotoka Unguja zilipangwa na vidole vya vijana waliokuwa, miaka michache kabla, bidhaa ya soko.

5.0 Uamuzi wa Lugha ya Kufundishia

Suala la lugha ya kufundishia halikuwa jepesi. Hoja za kuwafundisha watoto hawa kwa Kiingereza zilikuwa na nguvu: hawakuwa na lugha moja ya asili, walimu walikuwa Waingereza, na vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Ilionekana pia kwamba mtoto asiye na kabila angeweza kufanywa Mwingereza mdogo bila kipingamizi. Kiingereza hakikuachwa kabisa Kiungani, na wanafunzi wa juu waliendelea kukisoma. Lakini Steere alishikilia kwamba msingi wa elimu uwe Kiswahili, na kwamba mwanafunzi asikuzwe katika mavazi, chakula na mwenendo utakaomtenga na watu atakaoishi nao.

Msimamo huu ulikuwa na sababu za kivitendo. Kwanza, Kiswahili kilikuwa lugha ambayo kila mtoto alikuwa amekwisha kuigusa. Pili, kilikuwa lugha ya njia zote za biashara za bara, kwa hiyo kijana aliyekijua angesikika katika vituo vyote vya misafara kutoka pwani hadi kwenye maziwa. Tatu, na hili ndilo lililokuwa la kina zaidi, kilikuwa lugha ya Kibantu, jirani wa lugha walizozaliwa nazo watoto hao. Mtoto wa Kiyao aliyejifunza upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili hakuwa anajifunza jambo geni. Alikuwa anayakuta mambo ya lugha ya mama yake yakiwa yamevaa maneno mengine.

Vitabu havikuwapo, ikabidi vitengenezwe. Steere alitayarisha masomo ya kusoma, sala, sehemu za Maandiko Matakatifu na hadithi. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kulikuwa na Hadithi za Kiingereza, simulizi fupi zilizotokana na tamthilia za Shakespeare kupitia kitabu cha Charles na Mary Lamb. Hivyo watoto waliopita Kilwa walisimuliwa visa vya Shakespeare kwa Kiswahili miongo mingi kabla ya Julius Nyerere kuzitafsiri tamthilia kamili.

Tahajia aliyoichagua ilifuata kanuni rahisi, yaani irabu zitamkwe kama za Kiitalia na konsonanti kwa jumla kama za Kiingereza. Kanuni hii iliachana na maandishi mazito ya Johann Ludwig Krapf, aliyetangulia kuandika sarufi ya Kiswahili mwaka 1850 akitegemea zaidi lahaja ya Mombasa. Wepesi wa tahajia ya Steere ulifaa darasani, kwani mtoto aliweza kuimudu kwa muda mfupi. Kwa upande mwingine, iliweka pembeni hati za Kiarabu, ambazo Waswahili walikuwa wakizitumia kuandika lugha yao kwa karne kadhaa. Mwanafunzi wa Kiungani alijua kusoma na kuandika Kiswahili, lakini hakuweza kusoma barua wala utenzi wa jirani yake Mwislamu. Uamuzi huo uliomfungulia milango ya bara ulimfungia baadhi ya milango ya mji alimoishi.

6.0 Isimu Iliyotoka Darasani

Steere hakujifunza Kiswahili kutoka kwa watoto peke yao. Alikiri msaada wa wenyeji wa Unguja waliokuwa mahiri wa lugha, akiwamo Hamisi wa Kayi, ambaye alimpa baadhi ya ngano zilizomo katika Swahili Tales. Ufasaha wa lugha ya mji aliupata kwa watu huru wa mji. Lakini upeo wa kulinganisha, yaani kuiona lugha ya Kiswahili kama mwanafamilia na si kisiwa, aliupata kwa watu waliotoka bara.

Ushahidi wa jambo hili umo katika orodha ya machapisho yake na tarehe zake. Mwaka 1867 mtambo wa misheni ulitoa mkusanyiko wa Kishambala. Mwaka 1869 zilitoka sampuli za msamiati wa Kingindo, Kizaramo na Kingazija. Mwaka 1871 ulichapishwa London mkusanyiko wa Kiyao, na Kinyamwezi nacho kikapata kijitabu chake. Kimakonde kilifuata mwaka 1876. Steere hakukanyaga nchi ya Wayao hadi mwaka 1875, na Unyamwezi hakufika kamwe. Kwa hiyo kitabu cha Kiyao kiliandikwa miaka minne kabla ya mwandishi kuiona nchi ya lugha hiyo. Data yake ilikusanywa Unguja, kwa watu walioletwa huko, wengi wao bila hiari yao.

Kwa mtafiti wa leo jambo hili lina uzito wa kimaadili na wa kitaaluma. Sampuli zilizopatikana hivyo si sampuli za jamii iliyotulia. Ni kumbukumbu za watu waliotenganishwa na wazungumzaji wenzao, baadhi yao wakiwa wadogo mno kuwa na msamiati kamili wa ufundi, jando, mirathi au ibada. Pengo katika vijitabu hivyo haliwezi kuhesabiwa kila mara kuwa pengo la lugha. Huenda ni umri wa mtoto siku alipotekwa. Wakati huohuo, bila kumbukumbu hizo, hatua ya kwanza ya kulinganisha lugha za kusini mwa Tanzania ingechelewa sana.

Kuhusu sarufi ya Kiswahili yenyewe, mchango mkubwa wa Handbook ulikuwa kuzipanga nomino katika ngeli kwa kufuata upatanisho na kuonyesha kwamba kivumishi, kiwakilishi na kitenzi vyote vinaitikia ngeli hiyo. Mwaka 1878 alitoa pia kitabu cha mazoezi kwa wanaoanza, Swahili Exercises. Katika vitabu hivi mwalimu anaonekana zaidi kuliko mwananadharia: kanuni ni fupi, mifano ni ya matumizi ya kila siku, na kila somo lina jambo la kutumika siku hiyohiyo.

7.0 Soko, Kanisa na Mbweni

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akawa huko wakati kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo George Farajallah, mmoja wa vijana wa kwanza waliokuwa wameanza kupewa daraja katika kanisa. Steere aliporejea mwaka 1872, mwaka ambao kimbunga cha mwezi Aprili kiliivunja Unguja na mikarafuu yake, alikuta kazi imedhoofika na Tozer ni mgonjwa. Tozer alijiuzulu, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey.

Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na tukio kubwa zaidi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa katika dola yake. Misheni ilipata kiwanja cha soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere mwenyewe ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa la kuba alilijenga kwa mawe ya matumbawe na saruji, bila mihimili ya mbao, na mafundi wengi hawakuamini kwamba lingesimama. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanyika siku ya Krismasi.

Mkataba wa 1873 ulibadili pia ukubwa wa shule. Manowari ziliongeza msako, na balozi wa Uingereza, John Kirk, aliwagawa watu waliokamatwa kwa misheni mbalimbali, za Kikatoliki na za Kiprotestanti. UMCA iliwapokea katika shamba la Mbweni, lililonunuliwa mwaka 1871. Tofauti na Kiungani, Mbweni hapakuwa shule tu bali kijiji cha watu wazima, familia na watoto. Mwaka 1877 Caroline Thackeray alifika kuongoza shule ya wasichana huko, kazi aliyoifanya kwa robo karne. Alibaki Unguja hadi alipofariki mwaka 1926.

Kijiji hicho kilikuwa na mipaka yake. Mkazi wa Mbweni aliitwa huru, lakini aliishi katika ardhi ya misheni na chini ya kanuni zake za ibada, kazi na ndoa. Alikuwa Mkristo katika mji wa Kiislamu, na hilo peke yake lilimtenga na ujirani, utani na undugu ambao kwa watumwa walioachwa huru na mabwana wao ndio uliokuwa njia ya kawaida ya kuingia katika uswahili. Mtoto wa Kiungani alipewa kalamu, lakini hakupewa ukoo. Steere aliliona tatizo hilo mapema, na jibu lake lilikuwa kurudi bara.

8.0 Tatizo la Kurudi

Mwaka 1875 Steere aliondoka Lindi kwa miguu kwenda Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao, akitafuta kituo kitakachoikaribia tena nchi ya Ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata aliongoza msafara mwingine kutoka Lindi. Safari hii alikuwa na watu waliokuwa wamewahi kuwa watumwa, wanaume na wanawake wa Mbweni, waliojitolea kurudi upande walikotoka. Nia ilikuwa kusonga mbele zaidi, lakini mwezi Novemba 1876 walipofika Masasi, chini ya majabali, walikuta maji na ardhi yenye rutuba, wakaona wakae hapo. William Percival Johnson aliachiwa uangalizi, na Chauncy Maples akafuata mwaka 1877. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Masasi.

Kwa nadharia, Masasi lilikuwa jibu. Njia ileile iliyowatoa watu bara sasa iliwarudisha. Lakini kurudi bara hakukuwa kurudi nyumbani. Watu wa msafara walitoka makabila mbalimbali, na Masasi haikuwa nchi ya walio wengi kati yao. Walikuwa wamezoea maisha ya pwani, wakazungumza Kiswahili wao kwa wao, na kwa macho ya majirani walikuwa wageni wenye mlinzi Mzungu. Zaidi ya hayo, hatari iliyowatoa makwao haikuwa imekwisha. Mwezi Septemba 1882, majuma machache baada ya kifo cha Steere, Wangoni waliojulikana huko kama Magwangwara waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu. Baadhi ya waliochukuliwa walikuwa wametekwa kwa mara ya pili katika maisha yao.

Wengine walirudi kwa njia ya ualimu. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa mwaka 1864, alipewa ushemasi mwaka 1879, akawa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Cecil Majaliwa, Myao aliyelelewa Kiungani, akawa padri mwaka 1890 na kufanya kazi katika nchi ya Ruvuma. Augustine Ambali, naye mtumwa wa zamani aliyesoma Kiungani, alikwenda hadi Ziwa Nyasa kama mwalimu, na baadaye akapewa upadri huko. Kwa watu hawa kurudi kulikuwa na maana, kwa kuwa walirudi na kazi na si kurudi na ardhi tu. Pengine hapo ndipo elimu ya Steere ilipokaribia zaidi kutimiza ahadi yake.

9.0 Kifo na Urithi

Edward Steere alifariki ghafla Unguja mwishoni mwa mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Kazi yake ya lugha haikukatika. Arthur Cornwallis Madan, aliyefundisha Kiungani, aliisahihisha Handbook na kuitoa upya. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891. Mwaka 1887 Madan alichapisha kitabu chenye jina la shule hiyo, ambamo wavulana waliandika wenyewe, kwa Kiswahili, habari za kutekwa na kusafirishwa kwao, naye akazitafsiri kwa Kiingereza. Kitabu hicho ni tunda la moja kwa moja la uamuzi wa Steere. Mtoto aliyefundishwa kwa lugha aliyoielewa aliweza, baada ya miaka michache, kuwa shahidi wa maisha yake mwenyewe.

Kamusi za Madan, ya mwaka 1894 na ya mwaka 1903, ndizo zilizokuwa msingi wa kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Sababu za uchaguzi huo zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba Kiunguja kilikuwa tayari kimeandikiwa sarufi, kamusi na vitabu vya shule, na mlolongo huo ulianzia katika darasa la watoto watano.

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ulipata shule kwa njia nyingine. Vita vya Mlozi dhidi ya Wangonde karibu na Karonga, kuanzia mwaka 1887 hadi 1895, vilileta huko taabu zilezile zilizowahi kuwafikisha watoto wa kusini Kiungani. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kituo cha Ipyana, katika nchi ya Kyela, kikaanzishwa mwaka 1894. Misheni hizo zilijenga elimu yake ya mwanzo juu ya Kinyakyusa. Kiswahili sanifu kilikuja huko kwa nguvu baadaye, kupitia utawala na shule za serikali. Mtoto wa Talatala anayejifunza leo ngeli na upatanisho hakirithi Kiswahili hicho kutoka kwa misheni ya jirani yake. Anakirithi kutoka Unguja, kwa watoto ambao baadhi yao walitolewa katika mwambao wa ziwa lake.

10.0 Hitimisho

Maisha ya Edward Steere hayawezi kuelezwa kama hadithi ya mwokozi na waliookolewa. Alikuwa mtu wa wakati wake, aliyefanya kazi chini ya kivuli cha manowari na mikataba ya dola yake, na shule yake iliwapa watoto uhuru wenye mipaka ambayo wao hawakuichora. Lakini katika mipaka hiyo alifanya uamuzi ambao wengi wa rika lake hawakuufanya. Alikataa kulichukulia pengo la lugha la mtoto aliyeng'olewa kwao kuwa nafasi ya kumjaza lugha ya mtawala. Alitafuta lugha iliyokuwa tayari midomoni mwa watoto, akaisoma kwa bidii kuliko walivyoisoma wao, akawarudishia ikiwa kitabu.

Somo la kitaaluma linalobaki ni la aina mbili. Kwa wanaisimu, vitabu vya mwanzo vya lugha za kusini visomwe kwa kukumbuka nani aliyetoa maneno yake na katika hali gani. Kwa wanaelimu, historia ya Kiungani na Masasi inaonyesha kwamba lugha ya kufundishia inaweza kumfungulia mtoto mkimbizi mlango wa elimu, lakini haiwezi peke yake kumpa mahali pa kuishi. Steere alilijua la kwanza vizuri, na la pili alilitafutia jibu kwa miguu yake hadi Mwembe na Masasi. Wanafunzi wake, waliobaki wakilitafuta jibu hilo baada yake, ndio waliokilipia Kiswahili cha shule gharama yake ya kwanza.